Ukuta Tuliomjengea Bi Mchumi

Wawi, Chake Chake,
Pemba

Mama yangu,

Kamwene. Najua ni wifi anayekusomea, kwa hiyo kamwene na wewe wifi, na nakuomba usome polepole. Ukifika pabaya usiruke ukidhani unamhurumia Mama. Mama anajua mtu akiruka. Haya, kifua kimetulia, Mama? Na Baba goti lake likoje, au bado anang'ang'ania kupanda kule kwenye viazi na vijana wapo? Mimi mwili ni mzima. Malaria ilinishika kidogo ikaniachia. Cherehani inafanya kazi, sare za shule nashona, nakula, nalala. Ukiniuliza habari za mwili, ndizo hizo.

Habari nyingine ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi. Kwenye simu nimeshindwa. Ulipopiga juzi na kuniuliza mbona sauti iko hivyo, nikasema ni mafua, nilikuwa nakudanganya. Nikisikia tu unaita jina langu nalia, na wewe ukisikia nalia unaanza kufunga mzigo. Usifunge mzigo. Hakuna utakachokuja kukifanya huku.

Unamkumbuka Bi Mchumi? Yule jirani niliyekusimulia, mlango wake unatazamana na baraza ninaposhonea. Nilipofika Pemba sijui hata pa kununua chumvi, ni yeye aliyenivusha. Alinifundisha kwamba huku hupiti mbele ya watu kimya kama mbuzi, unasalimia kila mmoja na unangoja ujibiwe. Alinicheka namna ninavyosema "ugali" kana kwamba ni jina la ndugu yangu. Basi mumewe, Mzee Faki, alifariki msimu wa karafuu ulipoanza. Aliugua muda mfupi tu, akafia kitandani kwake, chumba cha mbele.

Huku mwanamke akifiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ile ile aliyoishi na mumewe. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Wanamwita kizuka. Kwetu neno hilo tunatishia nalo watoto, huku ni jina la heshima. Mimi kwa kuwa ni mwanamke naingia na kutoka. Nilikuwa nampelekea maji, nakaa naye, tunaongea habari za Mzee Faki. Na Mama, yule bibi alikuwa na jambo moja tu alilolitaka hapa duniani: amalize eda yake ndani ya chumba kile. Aliniambia, "Mie sina la kumpa tena Faki. Lililobaki ndo hili, nimkalie chumbani mwake mpaka siku zitimu. Nikitoka kabla, nshamwacha peke yake." Alikuwa anasema kwa upole, kama mtu anayekueleza atakachopika.

Sasa ile nyumba. Ni nyumba ya miti na udongo, juu makuti, ya siku nyingi. Ndani alikuwa Bi Mchumi, binti yake Asha ambaye ameachika, na watoto wadogo wa Asha wawili. Mvua za vuli mwaka huu zimekuja na hasira. Ukuta wa nyuma, ambao huku wanauita kiambaza, ulilowa chini ukavimba tumbo, kisha ukaanza kuinama kuelekea ndani, na ndiko wanakolala watoto. Asha akawa anawalaza barazani kwangu mchana, na jioni anawarudisha huku anautazama ule ukuta.

Usiniulize ndugu zao walikuwa wapi, maana najua utauliza. Walikuwa kwenye karafuu. Karafuu hazingoji mtu, na mvua ikizikuta juani zimeharibika, mwaka mzima umekwenda. Mwanamume mwenye mikono miwili msimu huo humwoni mtaani. Mzee Kombo, kaka wa marehemu, alikuja akautazama, akaegemeza gogo, akasema, "Shemeji, tuvumilie kidogo, karafuu zikipungua tutakuja sote." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka hadi macho mekundu.

Mimi nikalisema kanisani. Kanisa letu huku ni chumba cha kupanga, na watu wote wa bara: walimu, askari, mafundi, mama ntilie. Tukijaa sana hatufikii nusu ya kwaya ya huko nyumbani. Tulikuwa na matofali ya saruji tuliyojichangia siku nyingi, tukingoja kibali cha kujenga. Nilipomaliza kusema akasimama Lameck. Huyu Lameck ni fundi mwashi, mtu wa Makambako, sauti kubwa na utani mwingi, ukimsikia unajua uko nyumbani. Akasema, "Jirani yetu analala na ukuta unaomwinamia, na sisi tumekalia matofali kama kuku anayeatamia mawe. Tunangoja nini?" Watu wakacheka, halafu wakakubali wote. Nilitoka pale, Mama, nimejaa furaha mpaka nikasahau mwavuli.

Mwinjilisti wetu ni mtu makini. Alikwenda mwenyewe hadi shambani kwa Mzee Kombo kuomba ruhusa, na kwa Shehe wa mtaa pia, asije mtu akasema Wakristo wamemwendea mjane na biblia mfukoni. Mzee Kombo akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Ahsanteni sana," akasema, "Mwenyezi Mungu atakulipeni. Mie aibu naiona, lakini nifanyeje." Mwinjilisti akarudi na masharti. Tusihubiri, tusiimbe, maana ni nyumba yenye msiba. Na mwanamume yeyote asiingie ndani, asichungulie hata dirishani, kwa sababu mle kuna kizuka.

Basi tukafanya kazi hivyo. Tulifunga mapazia ya kanga katikati ya nyumba, Bi Mchumi akabaki chumba cha mbele, wanaume wakawa nje upande wa nyuma. Wewe unajua watu wa kwetu wanavyofanya kazi. Kupiga udongo bila wimbo ni mateso. Lameck alikuwa anafungua mdomo, anakumbuka, anaufunga, na sisi wanawake tunajibana tusicheke. Bi Mchumi akatupikia kwa mkono wa Asha muhogo wa nazi na samaki, sahani zinapitishwa chini ya pazia. Akilitaka jambo ananiambia mimi, mimi natoka namwambia Lameck, Lameck ananijibu, narudi nalo ndani. Nilikuwa kama simu.

Walibomoa kile kiambaza chote cha nyuma wakainua ukuta wa matofali. Ukuta mzuri, Mama, umenyooka. Watu waliotoka mashambani jioni na magunia yao kichwani walikuwa wanasimama wanausifu. Kisha Lameck akatazama zile nguzo za zamani. Zilikuwa zimesimama kwa mstari nyuma ya ukuta mpya, za mikandaa, ile miti ya mikoko ya pwani, nyeusi, chini zimeliwa na mchwa. Akasema hizi ni uchafu, ukuta umekwisha simama, nguzo za nini tena, zitaleta mchwa mpaka kwenye paa. Aliagiza zikatwe.

Mimi nikaingia ndani kumwambia Bi Mchumi. Alikuwa amekaa juu ya mkeka. Akasema, "Hizo nguzo kazikata mwenyewe Faki, tulipooana. Mwambie aniachie."

Nikatoka nikamwambia Lameck. Akavua kofia, kweli alivua kofia, akasema, "Pole yake mama wa watu. Mwambie hatutazichoma. Tutamlazia pembeni, kila moja, azitunze." Nikarudi nikamwambia. Akasema tena, "Mwambie aniachie zilipo." Nikampelekea Lameck na hilo. Na Mama, sote tuliona ni huzuni. Mjane anashika kila kitu cha mumewe, sisi kwetu si tunawajua? Shangazi hakulala na koti la mjomba mwaka mzima? Mwinjilisti mwenyewe akasema tumbembeleze taratibu. Nikambembeleza. Mwishowe akasema, "Haya. Nyie ndo mafundi." Zikakatwa, tukazilaza pembeni vizuri, tukazifunika na turubai.

Ngoja nikueleze, maana mimi mwenyewe nimeeleweshwa baadaye. Kwetu unafyatua tofali, unachoma, unajenga ukuta, na paa linakaa juu ya ukuta. Nyumba ni ukuta. Ndivyo Lameck alivyojifunza kwa baba yake, ndivyo Baba alivyojenga hiyo mliyokaa. Hizi nyumba za huku sivyo. Paa linabebwa na nguzo, na nguzo za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja huko juu kwa kamba na miti, zinashikana. Udongo ni nguo tu wameivisha. Ukikata za nyuma, za kati zinabaki zinavuta peke yake. Mtu akiingia ndani akitazama juu anaona mafundo yote. Lakini hakuna mwanamume aliyeingia, kwa heshima. Na sisi wanawake tuliokuwa tunaingia tuliona giza na makuti. Mpemba yeyote anayepita angesema. Ila wakati zinakatwa walikuwa juu ya mikarafuu.

Ilianguka alasiri, mvua kubwa. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Watu wanasema nyumba ikianguka inapiga kelele. Hii ilishuka kama mtu anayekaa chini, makuti yamelowa yakausukuma ule ukuta wetu mpya uliokuwa haujakauka vizuri, ukaenda nje wote, na paa la nyuma na la katikati likafuata. Nikamsikia Asha. Alikuwa na watoto wake mbele kwa mama yake, tumshukuru Mungu kwa hilo, kila mtu alitoka mzima. Lakini walitoka nje, Mama. Bi Mchumi alitoka nje kwenye mvua, kichwa wazi, kanga imemng'ang'ania mwilini, mchana kweupe.

Wanaume wa kanisa walikuwa karibu, wanajenga kwa mwalimu mmoja, wakaja mbio, Lameck mbele. Wakafika pale uwanjani wakamwona. Na wote wakageuka. Sitaisahau. Wanaume wazima wamesimama kwenye mvua wameipa mgongo nyumba inayoanguka, hawawezi kusogea kuokoa hata sufuria, kwa sababu kizuka amesimama wazi na wamekatazwa kumwona. Lameck alikuwa ameutazama mnazi, mabega yanatikisika. Nikavua kanga yangu, na wanawake wa mtaani wakaja na zao, tukamzungushia kama chumba, tukatembea naye hivyo hadi kwangu. Hakulia. Alikuwa ananiuliza tu, "Chumba kipo? Cha mbele kipo?"

Kilikuwepo. Nguzo za mbele hatukuzigusa, zikakishika, kimeinama lakini kimesimama, na kitanda cha Mzee Faki kiko ndani.

Shehe akaja akasema kwa nje ya mlango kwamba sheria inamruhusu, mtu hakai eda ndani ya hatari, akaendelee popote penye usalama. Alisema vizuri sana, kwa huruma. Yeye akajibu, "Nimesikia, Shehe," akanigeukia mimi, akasema hakuuliza kama yaruhusiwa.

Alikaa kwangu siku kadhaa. Chumba changu nilishakusimulia, kitanda na meza. Nilikwenda kuishusha ile picha ya Yesu ukutani, akaniambia, "Iache, mwanangu, nyumba ni yako." Alisali upande ule mwingine. Mtoto mdogo wa Asha alikuwa anamwuliza bibi yake tunarudi lini, naye anamwambia mvua zikipungua. Kisha Asha akapata nafasi ya kazi za ndani Unguja, akawachukua watoto akavuka. Na kaka yake Bi Mchumi akaja kutoka Msuka, kule kaskazini kabisa, na gari ya kukodi iliyofungwa mapazia. Kabla hajapanda alimwita Mzee Kombo mlangoni na kumwambia, "Nitilieni miti chumba kile kisilale. Mvua zikitulia nirudi, japo siku ile ya mwisho, nitoke eda mle mle." Mzee Kombo akasema, "Inshallah, shemeji." Akaondoka na tumaini hilo.

Lameck alikwenda kwa Mzee Kombo kuomba amruhusu ajenge upya, kwa mikono yake, kwa namna yao, wamsimamie wao. Nilikuwepo. Nilidhani mzee atamfokea, na nadhani Lameck alitamani afokewe. Mzee akamkaribisha akae, akampa kahawa. Akasema, "Nyie mlitaka kheri, na kheri yenu tumeiona. Sasa basi, kijana wangu. Inatosha." Hakuna hata mtu mmoja hapa mtaani aliyetutamkia neno baya, Mama. Wananisalimia kama zamani. Ila zamani walikuwa wananiletea nguo za kuongeza na kupunguza na kukaa kwenye baraza kupiga soga hadi adhana. Sasa wanaacha nguo, wanasema ahsante, wanakwenda.

Walikitilia miti chumba kile, kweli, walipopata nafasi. Lakini mvua hazikutulia. Juzi kimelala. Hakukuwa na mtu, hakuna aliyesikia, asubuhi tukakuta makuti yako chini na kitanda kimevunjika katikati. Vijana wa Mzee Kombo wakaja wakachukua miti inayofaa kwa kuni, wakasawazisha udongo. Yale matofali yetu waliyatoa moja moja, wakayaosha matope, wakayapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kuyarudisha hadi mlangoni kwa kanisa. Mali ya kanisa, wakasema. Mwinjilisti akawaomba wayachukue wajengee chochote. Wakakataa kwa adabu. Yako pale, yamepangwa, na Jumapili tunayapita kuingia ndani, hakuna anayeyatazama. Lameck haji tena. Nasikia anatafuta nauli ya kurudi bara.

Mzee Kombo ametuomba sote, Waislamu na Wakristo, mtu yeyote asimwambie Bi Mchumi kuwa chumba kimelala. Amalize eda yake kwanza, kisha kaka yake atamweleza. Nami nimekubali.

Sijui nikuambie nini la kukutuliza, Mama. Ulinifundisha ukimwona jirani ana shida uinuke, nami niliinuka, nikawainua na wengine. Nikitafuta tulipokosea, naona tulikosea kwa yale yale mazuri tuliyofundishwa, na hilo ndilo linaloniumiza, maana sijui nijirekebishe wapi. Nikimwona mtu mwingine na shida kesho sijui kama nitasimama. Usiniambie nitasahau.

Nisalimie Baba, mwambie asipande kule juu. Msalimie kaka, na wifi huyu anayesoma na koo limemkauka, ahsante wifi. Shangazi mwambie namkumbuka sana siku hizi, asiulize kwa nini. Bibi mpe mkono wangu kwa mikono yote miwili. Mchungaji asalimiwe, lakini barua hii asisomewe, ataifanya mahubiri.

Nilikuwa nimeishia hapo jana. Asubuhi hii simu imelia, ni Bi Mchumi, kwa simu ya mke wa kaka yake. Tukasalimiana. Akaniuliza cherehani, akaniuliza mvua, nikamjibu. Halafu akauliza, "Chumba kipo?"

Nikasema, "Kipo, Bi."

Akashusha pumzi, nikamsikia. Akasema, "Basi nifagilie, mwanangu. Siku ntayorudi pasiwe na vumbi."

Nimemwambia nitafagia.

Mwanao,
Twilumba